Nusu Iliyopotelea Mikumi

Editha aliingia kiwanda cha uchapaji cha Kilosa mwaka 1981, akiwa na miaka ishirini, msichana aliyeshuka kutoka milima ya Vidunda na cheti cha darasa la saba kilichokunjwa mara nne. Kiwanda kilikuwa cha chama cha ushirika wakati huo. Kilichapa stakabadhi za pamba, kadi za kliniki na madaftari ya mahudhurio ya shule. Waliomwajiri walidhani atafagia. Akafagia miezi miwili, kisha mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha filamu akamwona anasimama nyuma yake kila siku na ufagio mkononi, anatazama. Akamwita, akampa brashi nyembamba kama ya kupaka wanja, akamwambia akae.

Tangu siku hiyo kazi yake ikawa filamu. Ukurasa ulipigwa picha kwa kamera kubwa, filamu yake ikatoka nyeusi tii, na herufi zikawa mwanga ndani ya ule weusi. Editha aliilaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akaziba vitobo vidogo kwa rangi nyekundu, akakata kwa wembe, akabandika, akasoma. Filamu ilisomwa kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na baada ya mwaka mmoja hakuona tena tofauti. Kosa likitokea alilitafuta kwa ncha ya kidole. Mteja akilalamika, alifungua droo, akatoa filamu ya mwezi uliopita, akainyanyua kwenye dirisha na kumwonyesha. Ubishi uliishia pale.

Chama cha ushirika kilikufa kifo cha polepole katika miaka ile ya soko huria. Mwaka 1998 kiwanda kikauzwa kwa Bwana Alfred, mtu mpole kutoka Morogoro, aliyekuwa na haraka ya mambo lakini hakuwa na ukali kwa watu. Wafanyakazi kumi na mmoja waliondoka, wakabaki wanne. Editha alibaki, na Cleopa aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchapa alibaki. Hao wawili walikuwa wamekula chakula cha mchana kwenye benchi moja kwa miaka kumi na saba, bila kuwa marafiki hasa na bila kugombana.

Mwaka 2006 Bwana Alfred akanunua mashine ya pleti. Hakuiweka Kilosa. Aliiweka Mikumi, kwenye nyumba aliyopanga kando ya barabara kuu, kwa sababu hoteli za watalii zilikuwa huko na wateja wa vipeperushi vya rangi walikuwa huko. Mashine ya kuchapa ilikuwa nzito mno kuhamishwa, ikabaki Kilosa na Cleopa. Kwa hiyo kazi ikagawanyika vipande viwili. Kurasa zilitengenezwa Mikumi na binti mmoja aitwaye Lea, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, na pleti, yale mabati membamba ya alumini yanayofungwa kwenye mashine, zilisafiri kwa pikapu hadi Kilosa zikiwa zimefungwa kwenye blanketi.

Filamu haikuwepo tena. Hilo ndilo Editha hakulielewa, na hakuona aibu kusema kwamba halielewi. Bwana Alfred alimweleza kwamba ukurasa unatoka kwenye kompyuta moja kwa moja, mwale wa mwanga unauchora juu ya pleti, basi. Editha akauliza, kabla haujafika kwenye pleti unakuwa wapi? Kwenye kompyuta, akajibiwa. Akauliza, ukiwa kwenye kompyuta unashikwaje? Bwana Alfred akacheka kidogo, akasema haushikwi. Editha alikwenda nyumbani na jibu hilo, akapika nalo, akalala nalo, na asubuhi likawa bado ni lile lile.

Kazi aliyopewa sasa ilikuwa kusoma prufu. Lea alichapa ukurasa kwenye karatasi ya kawaida, pikapu ikauleta Kilosa, Editha akausoma neno kwa neno, akaweka sahihi pembeni, karatasi ikarudi Mikumi na pleti ikatengenezwa. Ilikuwa kazi safi, ya kukaa, na mtu mwingine angeshukuru. Yeye alikuwa akiigeuza karatasi nyuma na mbele, akiinyanyua dirishani bila kujua anatafuta nini.

Mwezi wa sita alikuja mteja aitwaye Nasieku, katibu wa kikundi cha akina mama wafugaji walioishi uwandani, mbele ya Chanzuru. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno machache, amesoma hadi kidato cha nne. Alimwamkia Editha shikamoo kwa kuinamisha kichwa, akatoa daftari. Kikundi chake kilitaka kipeperushi cha kuwaeleza wafugaji namna ya kuchanganya dawa ya kupe. Maneno aliyaandika mwenyewe kwa kalamu, na mstari mmoja aliukazia: *Changanya ½ kifuniko cha dawa kwa ndoo moja ya maji.* Editha alimuuliza kwa nini asiandike nusu kwa maneno. Nasieku akasema wengi kwao hawasomi maneno, lakini alama ile wanaijua kutoka dukani, kwenye nusu kilo ya sukari.

Prufu ilikuja wiki iliyofuata. Editha aliisoma mara mbili. Alama ya nusu ilikuwa mahali pake, moja juu, mbili chini, na kimstari katikati. Akaweka sahihi. Pleti ikaja, Cleopa akachapa nakala elfu mbili, Nasieku akazichukua.

Aliporudi ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba. Safari hii hakuinamisha kichwa. Aliamkia kwa sababu ilibidi aamkie, akaweka kipeperushi kimoja mezani, akasema ng'ombe wa Mzee Saibulu wameogeshwa kwa dawa iliyozidi. Ndama saba waliugua, wawili wamekufa.

Editha akakisoma. *Changanya kifuniko cha dawa kwa ndoo moja ya maji.*

Sentensi ilikuwa nzima. Haikuwa na pengo la kumshtua mtu, ila nafasi ndogo baada ya neno la kwanza, kama pumzi ya msomaji. Mtu yeyote angejaza kifuniko hadi juu. Editha alihisi masikio yake yanapata joto. Akatafuta ile prufu kwenye jalada, akaikuta. Nusu ilikuwepo, na sahihi yake ilikuwepo pembeni. Akaziweka karatasi mbili kando kwa kando, ile yenye nusu na ile isiyo nayo, akazitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Nasieku alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Mama," Nasieku alisema, "wewe ulisoma ipi?"

"Hii," Editha akasema, akiweka kidole kwenye prufu. Lakini hata alipokuwa akisema alianza kujiuliza kama kweli aliisoma ile, au alisoma nyingine na hii ameletewa baadaye, au macho yake yameanza kumchezea.

Bwana Alfred alikuja siku ile ile. Aliziangalia karatasi, akamwangalia Cleopa. Kila mchapaji anajua kuna kalamu ya dawa ya kufutia uchafu kwenye pleti, na kalamu hiyo ikiteleza inaweza kufuta herufi. Bwana Alfred hakusema wazi, alisema tu kwamba prufu ni safi na karatasi iliyochapwa ni chafu, na katikati yake kuna mtu mmoja. Cleopa akajibu kwamba hakugusa kitu. Aliulizwa kwa nini hakuona nusu imepotea. Akasema yeye huangalia wino na pembe za karatasi. Kazi ya kusoma hakuwahi kupewa. Bwana Alfred akamwambia apumzike nyumbani hadi jambo lieleweke. Cleopa akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mashine, akaondoka bila kumtazama mtu.

Editha hakujua amwamini nani. Kama Cleopa hakufuta, basi nusu imeondoka yenyewe, na herufi haiondoki yenyewe. Kama Cleopa amefuta, basi miaka ishirini na tano ya benchi moja haimaanishi kitu. Zamani angefungua droo. Sasa droo ilikuwa na prufu peke yake, na prufu ilikuwa upande wake yeye, jambo ambalo badala ya kumfariji lilimkera.

Siku ya pili akakumbuka pleti. Filamu haipo, lakini pleti ilikuwa kitu cha kushikika, na dawa ya kufutia huacha doa jeupe kama kovu. Akauliza iko wapi. Akaambiwa pleti kuukuu zimekwenda zinakokwenda siku zote: watu wa Kilosa waliezekea mabanda ya kuku, waliziba madirisha. Alizunguka mitaa miwili akichungulia mabanda ya watu, akieleza anachotafuta, na watu wakimtazama kama mtu aliyepotelewa na jambo zaidi ya bati. Alikuta pleti za kadi za harusi, pleti za nyimbo za kwaya, picha ya twiga wa hoteli ya Mikumi imezunguka tundu la bata. Mwishowe mtu mmoja akamwambia Cleopa alimpa Joha mabati mawili.

Joha alikuwa mama lishe karibu na stesheni ya reli. Aliyatumia mabati kuzuia upepo jikoni kwake. La pili ndilo lilikuwa lenyewe, jeusi kwa moshi na mafuta. Editha aliomba sabuni na kitambaa, akachuchumaa pale pale kati ya wateja wanaokula wali maharage, akasugua. Sehemu ya chini ilikuwa imeungua. Ya juu ikatokea taratibu, rangi ya buluu iliyofifia: kichwa cha habari, picha ya ng'ombe, mstari wa kwanza, wa pili. *Changanya*, kisha pumzi ndogo, kisha *kifuniko*. Akaligeuza bati juani, akaliinamisha kila upande. Hapakuwa na doa wala kovu. Hapo palikuwa laini kama siku bati lilipotoka dukani.

Cleopa hakufuta kitu. Bati lilikuja Kilosa likiwa hivyo.

Alimfuata Cleopa kwake, akamkuta anapalilia bustani, akamwonyesha. Cleopa alilitazama bati, akasema, "Haya." Kwa sauti ile Editha akaona kwamba Cleopa alimtarajia mapema kuliko hapo.

Kesho yake wakaenda Mikumi wote watatu, Bwana Alfred kwenye usukani, Editha katikati amekumbatia pleti, Cleopa mlangoni. Barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya ilikuwa mbovu. Lea aliwapokea kwa shikamoo tatu za haraka. Alikuwa amekwisha kusikia, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala vizuri. Alifungua kompyuta. Ukurasa ukatokea kwenye skrini, na nusu ikatokea nayo. Akachapa karatasi: nusu ipo. Kisha akawasha mashine ya pleti, wakasubiri, bati jipya likatoka linang'aa. Wote wakainama.

Nusu haikuwepo.

Walirudia. Skrini ina nusu, karatasi ina nusu, bati halina. Mara ya tatu Lea akaanza kulia kimya kimya, machozi ya mtu aliyesomea jambo na jambo likamkana mbele ya watu. Editha, aliyekuja akiwa na hasira tayari, aliishiwa na pa kuiweka. Akamshika bega binti yule, huku yeye mwenyewe akihisi sakafu haijatulia.

Lea alimpigia simu fundi wa Dar es Salaam aliyewafungia mashine. Wakazungumza kwa muda mrefu, kisha Lea akawaeleza. Mashine ya pleti ilikuwa na kompyuta yake ndani. Kompyuta ya mezani ilikuwa na seti ya herufi yenye alama ya nusu, na ile ya ndani ilikuwa na seti inayofanana nayo, isiyo na alama hiyo. Ukurasa ulipofika pale, mashine ilikuta alama isiyoijua, ikairuka, ikaendelea na kazi.

"Haikuuliza?" Cleopa akasema.

Lea akasema ilitoa onyo, katika orodha ya maonyo mengi ya Kiingereza yanayopita haraka, na mengi hayana maana, kwa hiyo mtu huacha kuyasoma.

Editha aliuliza swali lililokuwa likimsumbua tangu mashine ije. "Sasa ukurasa wenyewe hasa, ule wa kweli, ni upi?"

"Uko kwenye faili, mama."

"Na hilo faili lina nusu, au halina?"

Lea akaliinua bati jipya, akaliweka kando ya skrini. Akaitazama skrini, akalitazama bati. "Lina," akasema, "kwenye kompyuta hii."

Bwana Alfred alimwomba radhi Cleopa pale pale, mbele ya wanawake, na ilikuwa dhahiri kwamba ilimgharimu. Lea akaahidi kuiweka ile alama ndani ya mashine. Kwa wengine wote jambo lilikuwa limeeleweka. Editha aliyaelewa maneno yote, moja moja, lakini kila alipojaribu kuyaweka pamoja hayakukaa. Mtu anasoma kitu, anakitia sahihi, na kile anachokitia sahihi sicho kinachokwenda. Basi sahihi ni ya nini?

Jumamosi akaenda na Nasieku na Bwana Alfred kwa Mzee Saibulu. Mzee aliwakaribisha kivulini mwa zizi, akawasikiliza, na Nasieku akawa mkalimani kati ya Kiswahili na Kimaasai. Bwana Alfred aliomba msamaha, wakaelewana kwamba ataleta ndama wawili. Mzee aliridhika na hilo. Kisha akamgeukia Editha, akauliza jambo, na Nasieku akalitafsiri.

"Anauliza, wewe ndiye uliyesoma?"

"Mimi ndiye."

"Ulisoma nusu?"

"Nilisoma nusu."

"Basi nani aliandika kifuniko kizima?"

Editha alifikiria ile kompyuta iliyo tumboni mwa mashine, seti ya herufi, orodha ya maonyo. Alijua mzee si mjinga, angeelewa akielezwa. Ila yeye ndiye hakuweza kueleza kitu ambacho kinywani mwake kilikuwa bado ni maneno ya Lea.

"Sijui," akasema. "Hakuna aliyeandika. Lakini ndivyo kilivyotoka."

Mzee alimtazama bila ukali, kama anavyomtazama mnyama ambaye ugonjwa wake haujulikani. Akasema jambo fupi. Nasieku hakulitafsiri hadi walipokuwa njiani. Alikuwa amesema, huyu mama naye ameogeshwa kwa dawa kali.

Siku ya mnada wa mifugo Editha na Nasieku walikaa kwenye mkeka na kalamu nyekundu, wakiita kila mwenye kipeperushi. Walisahihisha mia nne na kitu. Vilivyobaki vilikuwa vimekwisha kutumika kufungia ugoro na sukari. Kijana mmoja mfugaji aitwaye Koinet aliwanyima chake. Aliuliza kwa adabu kamili atajuaje kwamba kalamu hii ndiyo sahihi, wakati mara ya kwanza pia aliambiwa karatasi ni sahihi. Nasieku alianza kumjibu. Editha akamwambia amwache. Swali lilikuwa la haki. Wakamwita mtaalamu wa mifugo aliyekuwa upande wa pili wa mnada, akamwonyesha Koinet chupa yenyewe ya dawa na maandishi yake, ndipo akakubali.

Kuanzia hapo Editha alifanya mambo mawili. La kwanza, alidai kila pleti inayotoka Mikumi ipite mezani kwake kabla ya kwenda kwa Cleopa, na Bwana Alfred alikubali bila kubisha. Aliisoma kwa lenzi ya mkononi, mstari kwa mstari, hata ya kadi ya harusi. La pili lilimwudhi Bwana Alfred zaidi. Kila prufu aliyoitia sahihi aliandika chini yake kwa mwandiko wa shule: *Nimesoma karatasi hii tu.* Bwana Alfred alimwambia wateja wataona ni dharau. Editha akasema si dharau, ndicho anachokijua. Walivutana wiki mbili. Lea, siku moja akiwa Kilosa, aliiona ile sentensi, akaicheka, kisha akaacha kucheka, akaomba aandikiwe na yeye kwenye daftari lake.

Mwaka uliofuata Nasieku akarudi na kipeperushi cha pili, cha chanjo ya mbuzi. Wangeweza kwenda kwa wachapaji wa Morogoro. Hakueleza kwa nini hawakwenda, na Editha hakuuliza. Ndani yake palikuwa na nusu mbili. Editha alizikuta kwenye prufu, akazikuta kwenye pleti, akasimama karibu na Cleopa hadi karatasi ya kwanza ikatoka ina wino mbichi, akazikuta na hapo. Cleopa alimuuliza kama sasa ameridhika. Akasema bado.

Nasieku alipokuja kuchukua mzigo, Editha alichomoa kipeperushi kutoka katikati ya bunda, akamfungulia, akamwomba amsomee kwa sauti. Nasieku alidhani ni utani, lakini uso wa mama yule haukuwa na utani. Akasoma. Alipofika kwenye nusu ya kwanza alisema nusu, na kwenye ya pili akasema nusu.

"Umeiona kwenye karatasi," Editha akauliza, "au umeisema kwa kuwa unaijua?"

Nasieku alirudi kwenye mstari, akaweka kidole chake juu ya alama. Kisha akaanza kusoma upya, safari hii polepole.